Ukomo wa matumizi bila kuonyesha bili ni danganya toto

Mwaka 2009 California ilikuwa hoi kifedha, gavana na wabunge wakakaa kutafuta namna ya kuziba nakisi, na moja ya vitu walivyokubaliana ni kusogeza mshahara wa wafanyakazi wa jimbo kutoka Juni 30 mpaka Julai 1. Siku moja tu. Ila kwa sababu mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, ule mshahara ukaangukia mwaka unaofuata, na kwenye makaratasi jimbo likawa "limeokoa" yapata dola bilioni moja. Hela ni ile ile, wanaolipwa ni wale wale, ila bajeti ikasomeka vizuri.

Ndo maana nikisikia mtu anasema majimbo ya Marekani yana nidhamu kuliko Washington, yaani serikali kuu, eti kwa vile sheria zao zinalazimisha bajeti ilingane, huwa nacheka kidogo. Ni kweli karibu majimbo yote yana sharti hilo, Vermont ndo huwa inatajwa kama ambayo haina. Lakini kinachotakiwa kulingana ni bajeti ya mwaka, alafu mara nyingi inapigwa kwa hela iliyoingia na iliyotoka, sio kwa deni ulilojitwika. Bili ukiifungia kwenye droo mpaka mwezi ujao, kwa hesabu hizo hujatumia kitu.

Arizona nao si wakauza majengo yao Januari 2010! Yakiwemo yale ambayo bunge lenyewe linafanyia kazi. Wakapata zaidi ya dola milioni 700, nakisi ikapungua, alafu wakageuka wapangaji kwenye majengo hayo hayo. Yaani unajadili kubana matumizi ukiwa umekaa kwenye ukumbi unaoulipia pango.

Sasa watu wanaotaka serikali ya jimbo ibanwe huwa wanakimbilia kuweka ukomo kwenye katiba, na mfano wao mkubwa ni Colorado. Mwaka 1992 wapiga kura walipitisha kitu wanachokiita TABOR, yaani kipengele cha katiba cha haki za mlipakodi, aliyekisukuma sana ni bwana mmoja anaitwa Douglas Bruce, kinasema mapato ambayo jimbo linaruhusiwa kubaki nayo yasikue kuzidi mfumuko wa bei ukijumlisha na ongezeko la watu, yakizidi wananchi warudishiwe, na kodi isipandishwe mpaka wananchi wenyewe wapige kura. Mwaka 2022 kila mlipakodi alitumiwa cheki ya dola 750. Mimi wazo lenyewe silichukii, hasa hilo la kuulizwa kabla hujapandishiwa kodi, nani asiyependa kuulizwa.

Ila angalia kilichotokea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uchumi ukashuka, mapato yakashuka, na ukomo nao ukashuka pamoja nayo, kwa hiyo uchumi ulipoamka jimbo likajikuta limefungwa kwenye kiwango cha mwaka mbaya, ikabidi 2005 wapige kura tena kusimamisha marejesho kwa miaka 5 na kuutoa kabisa huo mtego wa kushuka. Na cha pili ndo kinanikera zaidi, ada. Taasisi inayojiendesha kwa ada na kupokea chini ya asilimia 10 ya hela zake toka serikalini haihesabiwi kwenye ukomo. Bas vitu vikaanza kuhamishiwa huko, vyuo vikuu vikaenda, 2017 ikafuata ada kubwa inayotozwa hospitali. Mwananchi bado analipa, jina tu limebadilika kutoka kodi kwenda ada, alafu kwenye chati ya ukomo jimbo linaonekana limetulia. Mpaka 2020 ndo wapiga kura wakasema hapana, taasisi mpya inayotegemewa kukusanya zaidi ya dola milioni 100 kwenye miaka yake 5 ya kwanza lazima ije kwetu kwanza tuipigie kura.

Ukiwaambia wanasiasa wasizidi mstari huu watatafuta njia ya kupita pembeni, na njia hiyo ni pale ambapo wewe huoni. Kwa hiyo mimi nikipewa nichague kati ya ukomo mkali na daftari lililo wazi nachukua daftari, hata kama bado natamani vyote viwili.

Na anayebisha namwambia asome habari ya Illinois. Katiba yao inataka bajeti ilingane, lakini kuanzia Julai 2015 gavana Bruce Rauner na spika Michael Madigan walivutana mpaka jimbo likakaa miaka 2 bila bajeti kamili. Hela ziliendelea kutoka kwa amri za mahakama na vijisheria vya dharura, bili zikarundikana, na mwishoni mwa 2017 malimbikizo yalipita dola bilioni 16. Wanaolipwa mwishoni ni wale wasio na nguvu, watoa huduma za wazee, zahanati, vikundi vya kusaidia walemavu, wengine wakafunga milango. Alafu kuna sheria ya kulipa kwa wakati, bili nyingi zikikaa siku 90 bila kulipwa jimbo linaanza kudaiwa riba ya asilimia 1 kila mwezi, sawa na 12 kwa mwaka. Riba peke yake ilipita bilioni moja. Fikiria, bilioni ya walipakodi imeenda na hakuna hata kalamu iliyonunuliwa.

Lakini kilichoniacha hoi mimi ni kwamba hata mhasibu mkuu wa jimbo, yule anayeandika cheki, alikuwa hajui deni ni kiasi gani kwa uhakika! Idara zilitakiwa kuripoti bili zilizokaa mezani kwao mara moja tu kwa mwaka. Mhasibu mkuu Susana Mendoza akapeleka muswada kwamba idara ziripoti kila mwezi, ni bili kiasi gani, za umri gani, na ngapi zinakula riba. Rauner akaukataa kwa kura ya turufu, bunge likaitengua turufu yake, na kuanzia 2018 zile ripoti zikaanza kutoka. Hakuna ukomo uliowekwa, hakuna kodi iliyopanda kwa sheria hiyo, ni kuonyesha bili tu, na bado gavana alipinga. Hiyo inakuambia kitu.

   

Tovuti za matumizi nazo zimesaidia, nisiwe mchoyo. Baada ya maseneta Tom Coburn na Barack Obama kupitisha sheria ya 2006 iliyolazimisha serikali kuu iweke mikataba na ruzuku mtandaoni, majimbo mengi yakafuata. Ohio ilifungua daftari lake la cheki Desemba 2014, unatafuta kwa jina la idara au kampuni unaona malipo moja moja, na kwenye viwango vya uwazi vya U.S. PIRG, shirika la kutetea walaji, ikaruka kutoka nafasi ya 46 mpaka ya kwanza.

Ila cheki inaonyesha hela iliyotoka tu. Haionyeshi bili isiyolipwa, haionyeshi pensheni iliyoahidiwa, na haionyeshi kodi ambayo kampuni imesamehewa ili ijenge kiwanda, maana hiyo haitoki hazina, haiingii tu. Mwaka 2015 ndo bodi inayoweka kanuni za hesabu za serikali za majimbo na miji ikatoa kanuni namba 77, kwamba ripoti ya fedha ya mwaka itaje kodi kiasi gani imesamehewa kwa mikataba ya namna hiyo, ingawa jina la kampuni hawalazimishwi kuandika. Ripoti zenyewe ni mamia ya kurasa na sehemu hiyo inakaa nyuma kabisa kwenye maelezo, huku mbele kumejaa grafu za rangi na barua ya ofisa anayejisifu. Mimi huwa naanzia nyuma.