Gipsy Moth ya vinia, mishikaki na rangi ya kucha

Ukitaka kuunda ndege ndogo kwa mkono, bila sanduku la vipande vya kununua, chagua ndege ambayo bado ipo mahali. Mimi nilichagua Jason, ile Gipsy Moth, ndege ndogo yenye bawa la juu na la chini iliyoundwa na kampuni ya de Havilland ya Uingereza, ambayo rubani Mwingereza Amy Johnson aliirusha peke yake kutoka Croydon, Uingereza, hadi Darwin, Australia, mwezi wa Mei 1930. Leo imewekwa Science Museum, London, na binamu yangu anayeishi huko aliipiga picha mpaka simu ikaishiwa na chaji. Moyo ulikuwa unavutwa na ndege za Wilson Airways, kampuni iliyoanza Nairobi mwaka 1929 kwa Gipsy Moth, lakini picha zake nilizonazo zote ni nyeusi na nyeupe, na mimi rangi ya kubahatisha hainiachi nikalala.

Jason ina nafuu nyingine. Johnson alihitaji mafuta mengi kwa safari ile, kwa hiyo tangi la ziada liliwekwa kwenye nafasi ya mbele na kiti kikafunikwa. Kwa muundaji, hapo una chumba kimoja tu cha kuhangaika nacho: kiti kimoja, mikanda ya mtu mmoja, saa za mbele za mtu mmoja.

Skeli ni 1:24, yaani yangu ni ndogo mara 24 kuliko halisi. Ndege halisi ina upana wa mita 9.14 kutoka ncha hadi ncha ya bawa, kwa hiyo yangu ni milimita 381. Andika tarakimu hiyo kabla ya kwenda kuchapisha ramani, kisha pima karatasi kwa rula hapo hapo dukani, kwa urefu na kwa upana. Mashine za kuchapisha zina tabia ya kubana mchoro ili uenee ukurasa, na mwenye duka hatakwambia.

Balsa, ule mbao mwepesi wa kuundia ndege ndogo, huku Mombasa sijaiona ikiuzwa. Nilitumia mabaki ya vinia, yale mabapa membamba ya mbao, kutoka karakana ya seremala jirani, ambaye alikuwa akiyafagia tu. Mbavu za bawa hazikatwi mojamoja. Kata vipande viwili vya bati kwa umbo la ubavu, panga vinia katikati, zibane pamoja kwa misumari miwili, kisha piga msasa tita lote mpaka lifuate bati. Zinatoka zote sawa. Mihimili ya ndani ya bawa ni mishikaki ya mwanzi iliyopasuliwa kwa wembe.

Kiwiliwili hakina maneno mengi: de Havilland wenyewe walikijenga kama sanduku la plaiwudi lenye mgongo wa mviringo. Injini ina silinda nne zilizosimama kwa mstari, na mapezi yake ya kupoza ni uzi wa cherehani uliozungushwa kwenye mshikaki. Bomba la moshi ni risasi ya kulehemu, inapinda unavyotaka.

Kazi yenyewe iko kwenye kuwamba. Bawa halisi lilivikwa kitambaa, kisha likapakwa dopu, kimiminika cha selulosi ambacho kikikauka hukaza kitambaa kama ngozi ya ngoma. Karatasi niliyowambia ni ile laini inayofungiwa viatu vipya ndani ya boksi, nayo nikaibandika kwa gundi nyeupe ya seremala iliyotiwa maji. Kisha unaipulizia maji kidogo; ikikauka, mikunjo inapotea yenyewe. Dopu sasa. Rangi ya kucha isiyo na rangi ni nitroselulosi iliyoyeyushwa, ndugu wa damu wa dopu ya zamani. Nilipozikusanya chupa zote zilizokuwa rafuni, dada wa duka la vipodozi akaniuliza, “Kaka, harusi ni lini?”

Iongeze asetoni iwe nyepesi, paka mikono miwili myembamba, madirisha wazi na jiko limezimwa. Na bawa lisiachwe huru likauke: libane juu ya ubao ulionyooka, maana mvuto huo unaokaza karatasi unaweza kulipinda bawa zima.

Bawa la chini la kulia sikuliwamba. Wengine wameniambia linaonekana kama kazi iliyoachwa njiani. Kwangu, kama mbavu zote zitafunikwa, bora ningekata bawa kwenye kipande kimoja cha mbao nikapumzika.

Waya za kati ya mabawa ni mshipi wa kuvulia samaki wa milimita 0.2. Ukilegea, sogeza ncha ya udi unaowaka karibu yake, bila kuugusa, na utajikaza. Mshipi unaifaa ndege hii hasa: jina Jason lilikuwa alama ya biashara ya samaki ya familia ya Johnson.

Mwili ni kijani cha chupa, mabawa rangi ya fedha. Usajili wake ni G-AAAH, na herufi A nilikata kiolezo kimoja cha plastiki nikakihamisha mara tatu kila upande. Kiolezo cha G ndicho kilichonila jioni nzima.