Oda ya Kumi

Nilipoingia muhula wa mwisho wa mwaka wa tatu, mwaka 2014, kichwani nilikuwa na namba moja tu: 360. Ndizo krediti ambazo shahada ya miaka mitatu inadai hapa kwetu Tanzania, 120 kila mwaka, na ukipungukiwa hata za kozi moja, joho utaliona kwa wenzako. Kozi za lazima zilikuwa zimeisha. Jenetiki ilipita, fiziolojia ilipita, bayokemia ilinitoa jasho lakini ikapita. PT, yaani mafunzo kwa vitendo, nilishafanya na ripoti ilishasahihishwa. Ilibaki kozi moja ya hiari, na ile niliyojisajili ikafutwa wiki ya pili: mhadhiri wake alikuwa ameenda kusoma nje na hakuna aliyeachiwa. Tangazo lilibandikwa mlangoni, mistari miwili, bila hata samahani.

Zilizobaki ziligongana na vipindi vyangu vya maabara, isipokuwa entomolojia, elimu ya wadudu. Sasa mimi ni wale wa PCB, fizikia, kemia na biolojia, waliotaka udaktari, pointi zikagoma, wakajikuta biolojia. Nilijiona mtu wa koti jeupe na hadubini. Mende akiruka chumbani, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupanda kitandani, tena kitanda cha juu.

Sharti kubwa la kozi lilikuwa boksi la wadudu. Kila mwanafunzi akabidhi wadudu waliochomwa pini, wa oda, yaani makundi makubwa ya wadudu wa ukoo mmoja, zisizopungua kumi, kila mmoja na lebo yake: mahali, tarehe, jina la mkusanyaji. Mwalimu wetu alikuwa na msemo wake kwamba mdudu asiye na lebo ni takataka, hata awe mzuri namna gani. Na pini nayo ina adabu zake. Mbawakawa humchomi katikati. Pini inapita kwenye bawa gumu la kulia, karibu na bega, ili upande wa kushoto ubaki mzima. Kipepeo ndiye wa kuchomwa katikati ya kidari, kisha unamtandaza mabawa juu ya ubao, ukingo wa nyuma wa bawa la mbele ukae pembe mraba na mwili, unayabana kwa vipande vya karatasi mpaka yakauke. Nilianza kazi hiyo mkono nimeunyoosha, uso nimegeuza pembeni. Haukupita muda nikajikuta namfokea mwenzangu wa chumbani kwa kumpiga nondo na ndala, eti anaharibu mabawa.

Chupa ya kuulia tulijitengenezea: chupa ya jemu, pamba, na dawa ya kufutia rangi ya kucha. Panzi wangu wa kwanza sisimizi walimmaliza usiku mmoja, wakaniachia miguu na pini. Tangu hapo boksi likawa linanuka naftalini, na chumba kizima, na mimi mwenyewe.

Siku moja kabla ya kukabidhi, nikalipeleka maabara likaguliwe. Mwalimu alihesabu kwa ncha ya kalamu. Akafika kwa mende, akaenda kwa kumbikumbi, akarudi kwa mende.

"Hawa oda moja."

Nikamwonyesha noti nilizorithi kwa waliotutangulia: kumbikumbi Isoptera, mende Blattodea, oda mbili, tena zimepigiwa mstari. Akacheka, ila kwa upole. Akanieleza kuwa utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2007 ulithibitisha kwamba mchwa ni mende hasa, ndugu wa karibu wa mende wanaokula magogo yaliyooza, na oda yao ya zamani ikafutwa. "Unazo tisa, binti. Kesho saa nane mchana."

Sikuwa na la kubisha, sayansi ilikuwa upande wake. Lakini ebu fikiria: kati ya viumbe wote, aliyekuja kusimama baina yangu na joho ni mende.

Jioni ile mwenzangu akashauri viroboto, maana nao wana oda yao. Tukamwinda paka wa kafeteria, paka akapita chini ya meza za mama ntilie na habari yake ikaishia hapo. Ndipo nikakumbuka mwalimu alivyotufundisha mtego wa taa. Tukachukua shuka langu jeupe, tukalifunga kwenye uzio nyuma ya uwanja wa mpira, tukawasha taa ya kuchaji mbele yake. Ilikuwa Mei, masika yanaelekea kuisha, hewa nzito. Nondo wakaanza kuja, wadogo wadogo, wa rangi ya majivu. Nondo nilikuwa nao tele.

Akaja askari wa lindo, mtu mzima, rungu kwapani.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Mnaanika shuka saa nne usiku?"

Tulipomweleza, hakutufukuza. Akasogea mpaka kwenye mwanga, akaliangalia shuka kwa jicho la mtu anayeijua kazi. Kwao Bukoba. "Huku mnachezea," akasema. "Kwetu msimu wa senene ni taa kubwa, mabati yamesimamishwa, chini pipa. Senene anagonga bati, anateleza, anaingia. Kukicha mnapakia." Akavuta kiti chake toka kibandani akakaa nasi, akitueleza namna ya kuwanyonyoa mabawa na miguu kabla ya kuwakaanga. Mimi moyoni nahesabu tu: senene ni Orthoptera, oda ya panzi, ninayo.

Ni yeye aliyemwona kwanza. "Kereng'ende huyo."

Alikuwa ametua pembeni ya shuka, mwembamba, mabawa marefu yenye mishipa kama wavu. Lakini kereng'ende akitua hulaza mabawa wazi, na vipapasio vyake ni vifupi hata huvioni. Huyu alikuwa ameyakunja kama paa la nyumba, na vipapasio vilionekana bila lenzi, vimenenepa nchani. Neuroptera, oda ambayo sikuwa nayo! Mikono ilinitetemeka hata mfuniko wa chupa ukanishinda, afande akaufungua.

Nikamwambia, mzee, huyu ndiye mama wa wale wadudu wanaochimba vishimo kwenye mchanga mkavu chini ya upenu, wale tuliowachokoa kwa kijiti utotoni. Akaenda kumulika tochi ukutani mwa kibanda chake, ambako vishimo vilikuwa vingi, akarudi. "Wewe binti umesoma sana," akasema, "lakini hapo unanidanganya."

Kesho yake nilikabidhi, mabawa hayajakauka sawasawa. Mwalimu akainama na lenzi, akatazama vipapasio, akaweka tiki. Kisha akasoma lebo, na sehemu ya mkusanyaji nilikuwa nimeandika majina mawili, langu na la afande.

"Huyu wa pili yuko mwaka wa ngapi? Simjui."

Nikamwambia analinda uwanja wa mpira.

"Basi mwambie aje achukue maksi zake."

Kozi ile nilipata B, krediti zikatimia. Nilipomfikishia afande ujumbe wa mwalimu, aliniuliza kama hizo maksi zinalipwa.