Kadi iliyokuja na +255

Kadi yangu ya benki iliisha muda mwezi wa tatu na mimi sina habari, nimeinamia cherehani yangu hapa Kondele nashona sare za watoto wa shule. Nilijua siku mashine ya ATM ilipoitema. Nikairudisha, ikaitema tena. Nyuma yangu foleni ya watu wanakohoa.

Watu wa Kisumu huniita Nyar Tanga, yaani binti wa Tanga kwa Kijaluo, na kweli nimezaliwa Ngamiani. Huu mwaka wa sita tangu nimfuate mume wangu huku. Akaunti nimeiacha kwetu kwa sababu marehemu baba alituachia nyumba, mimi na mdogo wangu, na kodi ya chumba changu inaingia humo kila mwezi. Si nyingi. Shilingi moja ya Kenya inameza kama 20 za kwetu, kwa hiyo ukizivusha mpaka zinasinyaa kama mchicha sufuriani. Lakini ni zangu.

Mtasema si utumiwe kwa simu. Nilitumiwa. Tangu kadi ife, mpangaji akawa anamkabidhi kodi mdogo wangu, naye ananirushia kwa M-Pesa, inafika kabla chai haijapoa. Tatizo ni maswali. "Dada, za nini?" Za uzi. "Uzi wa elfu hamsini?" Mtoto niliyembeba mgongoni mimi, leo nampigia hesabu ya uzi na zipu.

Basi nikaomba kadi mpya. Benki wakamwambia mdogo wangu kwamba mwenye kadi aje mwenyewe. Nikaandika barua ya idhini, nikaambatisha nakala ya pasi, wakaikataa kwa sababu sahihi yangu imebadilika. Jamani, ile ya kwanza niliiweka nikiwa msichana! Barua ya pili niliiandika huku nikiiga mkono wangu wa zamani, ikapita.

Mume wangu akataka ipewe kondakta, Tanga hadi Mombasa kupitia Horohoro, kisha basi la usiku la Kisumu. Nikamwambia dagaa ndio husafiri hivyo. Iende Posta, kwa EMS, ile huduma yao ya haraka, na ile bahasha ya namba ya siri isiwekwe pamoja na kadi. Namba yenyewe mdogo wangu alinisomea kwenye simu kwa Kibondei, maana alikuwa ndani ya daladala. Najua benki wangenifokea. Ila nani Kisumu, au hata kwenye ile daladala, angejua bibi yetu alivyotufundisha kuhesabu?

Alinitumia picha ya risiti. Namba ya kufuatilia mzigo ilikuwa na herufi EE mwanzoni, tarakimu tisa, kisha TZ mwishoni, nami nikaikariri kama sura fupi. Kila asubuhi kabla sijafungua mlango wa duka naichapa. Tanga. Dar es Salaam. Hapo ikakaa mpaka nikaanza kumlaumu mume wangu kwa kutonilazimisha kuhusu basi. Nairobi. Halafu siku moja, Kisumu! Nikafunga mapema, nikaoga, nikakaa na simu mapajani nisubiri kuitwa.

Sikuitwa. Siku ya pili, ya tatu, ya nne. Simu ikilia ni mteja anayeuliza gauni lake. Siku ya tisa nikapanda boda hadi Posta ya Oginga Odinga Street, nimebeba pasi na maneno makali niliyoyapanga njia nzima.

Dada wa dirishani hakunipa nafasi ya kuyatumia. Akaenda nyuma, akarudi na bahasha. "Mama, tumekupigia mpaka tumechoka. Hii namba haipatikani." Akaigeuza nione. Mwandiko wa mdogo wangu, mzuri kama kawaida yake, jina langu lote, S.L.P. ya kanisa la mume wangu, 40100 Kisumu, na namba yangu ya simu ya Kenya, tarakimu zote sahihi, ila mbele yake kaandika +255 ya kwetu Tanzania.

Nilicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia.

Nikatia sahihi (ya sasa), nikaifungua pale pale kaunta. Kadi ilikuwa imeviringishwa ndani ya kipande cha kanga, ile kanga yangu ya zamani niliyoiacha kwenye kabati la mama. Ina harufu ya nyumbani bado. Huyu mtoto anajua kuniudhi na anajua kunituliza.

ATM haiko mbali na hapo. Nikaiingiza kadi roho mkononi, nikahesabu kimoyomoyo kwa Kibondei, nikaomba 3,000. Mashine ikanguruma, ikafikiri, ikatoa. Nikazikunja, nikazitia kifuani, nikatoka natembea kama mwenye mji.

Sijafika kwenye boda, simu ikatetema. Nilikuwa nimesahau kwamba laini yangu ya Tanzania ilifungwa zamani, na namba iliyoandikishwa kwenye akaunti, ile inayopokea ujumbe wa benki, ni yake.

"Dada, umetoa elfu sitini. Za nini?"