Tutaongea

Leo jioni nimemlipa mkandarasi wa nyumba yangu fedha zake za mwisho, baada ya wiki tano za kununiana. Kuandikiana tulikuwa tukiandikiana, tena usiku wa manane, kila ujumbe mkali kuliko uliotangulia.

Mkataba wetu ulikuwa wa ukurasa mmoja: kubomoa bafu na kulijenga upya. Asilimia 40 kabla ya kuanza, 40 vigae vikishawekwa, 20 kazi ikikamilika. Ugomvi ulizuka kwenye hiyo 20. Yeye alisema kazi imekwisha, na juu yake kuna kazi za nyongeza sijazilipia. Mimi nikasema sitoi kitu mpaka maji yaache kutuama.

Na kweli yalikuwa yakituama. Ukishaoga, dimbwi linabaki kwenye kona iliyo mbali na tundu la maji, na nusu saa baadaye mwenye soksi ndiye anayelikumbuka. Nikagonga vigae kwa kifundo cha kidole, kimoja baada ya kingine. Vingi vilijibu kwa mlio mzito, lakini sita pale konani vililia kama chungu kitupu. Chini yake gundi haikuenea. Kigae cha hivyo kinangoja tu kuangukiwa na kitu.

Basi haki nilikuwa nayo, ila nusu. Nusu ya pili niliigundua nikiandaa ushahidi wa kumshitaki. Nilirudi kwenye jumbe zetu tangu siku ya kwanza, nikitafuta alipokosea yeye, nikajikuta mimi. “Fundi, hapo ukutani tuongeze rafu mbili.” “Sawa bosi, ila gharama itapanda kidogo.” “Endelea tu, tutaongea.” Tutaongea! Neno hilo nimeliandika mara nne. Rafu, swichi iliyohamishwa, bomba lililokutwa limeoza nyuma ya ukuta, ambalo hakuna ambaye angeliona kabla ya kubomoa. Vyote navitumia kila siku, na sikuwa nimelipia hata kimoja.

Nilichora mstari katikati ya karatasi. Huku nikaandika nilichoagiza nje ya mkataba, kule alichoharibu yeye. Hapo ndipo nilipoona tulikuwa na madeni mawili tukiyagombania kama moja: akidai lake, namjibu kwa langu. Nikampigia simu. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Nilijua unanipigia kunitajia wakili.”

Tulimwita fundi mwingine asiyemjua yeyote kati yetu, malipo yake tukachangia nusu kwa nusu. Alilaza pima maji sakafuni, kile kifaa chenye kipovu kinachokimbilia upande ulio juu. Bafuni sakafu huteremka kama sentimita 2 kwa kila mita 1 kuelekea kwenye tundu. Hapo kipovu kilikimbilia upande wa tundu, yaani tundu ndilo lililokuwa juu. Fundi wangu alikitazama kile kipovu kwa muda mrefu. Jumbe zangu zote hazikuwahi kutazamwa kwa utulivu ule. Hakubisha.

Tukaandikiana upya. Yeye arudie kona kwa vifaa vyake, mimi nilipe nyongeza zote palepale, na ile asilimia 20 niitoe maji yakishajaribiwa. Mwishoni tukaweka sentensi kwamba baada ya hapo hakuna anayemdai mwenzake. Dada yangu aliniambia nimepumbaa kulipa nyongeza kabla kona haijarekebishwa. Huenda. Lakini zile rafu zilikuwa zimebeba taulo zangu miezi miwili.

Jana, kona ikiwa imeshakauka, aliziba tundu, akajaza maji sakafuni na kuchora mstari wa penseli kwenye kigae mahali maji yalipofika. Saa 24 baadaye maji yalikuwa bado kwenye mstari, hakuna palipovuja. Akavuta kizibo. Tulisimama mlangoni wote wawili, hakuna aliyesema neno, tukiyatazama yakiondoka. Ile kona ndiyo iliyotangulia kubaki wazi.

Nikamlipa, tukatia saini. Alipokuwa akikusanya vitu vyake akauliza kama mlango wa kabati chini ya sinki bado unakwaruza. Nikasema unakwaruza, ila hilo halimo kwenye karatasi.

“Najua,” akasema, akapekua mfukoni na kutoa bisibisi.