Siku moja maishani mwangu: kilo za bibi wa kitanda cha tano

Saa 1 asubuhi. Tunakabidhiana zamu wadi ya moyo. Mimi ni muuguzi, ila tangu nipewe jukumu la ubora wa huduma nashika mafaili kuliko sindano. Kazi yangu ni kuangalia kama mgonjwa mwenye mpapatiko wa atria, moyo unaopiga ovyoovyo, anapata matibabu yaliyoandikwa kwenye mwongozo. Mwongozo tunao. Upo kabatini, msafi, hauna hata alama ya kidole.

Saa 2. Raundi. Kitanda cha tano yupo bibi wa miaka 82, ameletwa na kizunguzungu. Mwanafunzi wa uuguzi ananyoosha karatasi ya ECG, mchoro wa umeme wa moyo, anataka kujua nimetambuaje haraka hivyo. Nachukua kipande cha karatasi tupu, natia alama za kalamu chini ya vilele vitatu vinavyofuatana, kisha nakisogeza mbele. Moyo ulio sawa, alama zingekutana na vilele vingine. Hapa hazikutani na chochote, na kiwimbi kinachotangulia kila kilele hakipo. Mstari unatetemeka tu. Tunahesabu vilele ndani ya miraba mikubwa 30, ambayo ni sekunde 6, tunapata 13. Zidisha kwa 10.

"Mapigo 130! Ndiyo maana kichwa kinamzunguka," anasema.

Kizunguzungu ni jambo dogo. Damu ikituama kwenye vyumba vya juu vya moyo huganda, na bonge likipanda ubongoni ni kiharusi. Mpapatiko huongeza hatari hiyo karibu mara 5.

Saa 4. Mafaili 20 ya walioruhusiwa mwezi uliopita. Natafuta alama za hatari ya kiharusi: miaka 75 au zaidi ni 2, aliyewahi kupata kiharusi 2, presha 1, kisukari 1, na kadhalika. (Zamani kuwa mwanamke kuliongeza 1, mwongozo wa Ulaya wa 2024 umeiondoa, nami sikuisikitikia.) Mafaili 6 hayana hesabu yoyote. Wagonjwa 3 wameondoka na aspirini, ambayo kwa kiharusi cha namna hii haifui dafu na kuvujisha damu inavujisha. Wanaonikera zaidi ni wale wa nusu dozi. Apiksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni miligramu 5 mara mbili kwa siku. Hupunguzwa hadi 2.5 mgonjwa akiwa na mawili kati ya haya matatu: miaka 80 au zaidi, kilo 60 au pungufu, kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, mikromoli 133 kwa lita au zaidi. Moja peke yake halitoshi.

Saa 6 mchana. Faili la bibi nalo limeandikwa 2.5.

"Daktari, huyu wa kitanda cha tano tumempunguzia kwa nini?"

"Ana miaka 82, Sista. Akianguka je?"

"Kuanguka hakumo kwenye yale matatu. Kreatinini yake ni 88. Kilo ngapi?"

Anafunua kurasa, anarudi mwanzo, anafunua tena. Kilo hazipo. Simlaumu sana, fomu yetu haina hata nafasi ya kuziandika. Naenda kuivuta mizani iliyojificha nyuma ya mlango wa stoo, namshika bibi mkono, anapanda.

"Mwanangu, unanipima kama gunia?"

Kilo 71. Daktari anakata 2.5, anaandika 5, anatia sahihi pembeni. Dakika nne zote hizo.

Saa 8. Kikao. Naomba visanduku viwili kwenye fomu ya ruhusa, alama za hatari na uzito, na mfamasia asitoe dawa vikiwa vitupu. Mjumbe mmoja anapendekeza semina. Semina tumefanya, vyeti tunavyo. Baada ya mabishano nakubaliwa jaribio la mwezi mmoja, wadi moja.

Saa 10 jioni. Nakaa na bibi na binti yake. Dawa hii huisha mwilini haraka, kwa hiyo asubuhi na jioni, bila kuruka.

"Na siku nikijisikia mzima?"

"Unameza vilevile, bibi."

Namwomba anirudishie maelezo kwa maneno yake. Anasema mara moja kwa siku. Tunaanza upya.

Saa 11. Nikipita kuchukua mkoba, mizani haipo. Imeazimwa na wadi ya jirani. Nakata plasta, naandika jina la wadi yetu kwa herufi kubwa, naifuata.