Siku moja maishani mwangu: fundi wa faiba jijini Nairobi

Kufikia saa kumi na mbili asubuhi huwa nimo ndani ya matatu ya Umoja inayokwenda mjini kupitia Jogoo Road, mkoba wa vifaa ukiwa mapajani kwa sababu sithubutu kuuweka mahali nisipouona. Saa moja na nusu tunagawiwa kazi katika bohari ya kampuni iliyoko Industrial Area, tunahesabu ruta na kebo, kisha tunatawanyika. Ninatoka na kijana mwanagenzi. Yeye hubeba ngazi, mimi ndiye ninayetia saini kazi.

Nalisema hilo mapema kwa kuwa wengi hudhani ni kinyume. Watu wakizungumzia wanawake katika teknolojia hapa Nairobi, huwataja Ory Okolloh na Juliana Rotich, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa Ushahidi, jukwaa la mtandaoni la kukusanya taarifa za wananchi, mwaka 2008, au AkiraChix, shirika ambalo tangu 2010 limewafunza wasichana kuandika programu, na sifa hizo wanazistahili. Ila intaneti inayotumiwa na wote hao hupita katika uzi wa kioo, yaani faiba, ambao lazima mtu apande nguzo kuufunga na aurudie unapokatika, na siku nyingine mtu huyo amevaa kofia ngumu juu ya nywele zilizosukwa.

Kazi ya saa tatu, huko Kileleshwa, ilikwisha mara moja: waya wa umeme wa ruta ulikuwa umechomoka.

Ya saa nne na nusu, Kilimani, ndiyo iliyonichosha. Langoni mlinzi aliandika katika daftari lake jina la mwanagenzi na mbele yake "fundi", kisha jina langu na "mgeni". Ghorofa ya sita, mwenye nyumba, aliyekuwa na mkutano wa video saa sita, alimpa kijana mkono na kuanza kumweleza shida yake. Kijana akasema, "Mzee, mweleze madam, yeye ndiye mkubwa wangu." Mzee akanitazama, akasema, "Sawa, dada," kisha akaendelea kumweleza yule yule: ruta imeharibika, mpwa wake anayesomea kompyuta amethibitisha, kwa hiyo tulete nyingine.

Zamani ningeanza kujitetea, niliposomea na muda niliofanya kazi hii. Siku hizi ninatoa kipimo. Nilichomoa kebo, nikasafisha ncha yake, nikaichomeka katika kipimo cha mwanga na kumwonyesha namba: hasi 34. Nikamweleza kwamba ruta ya aina hiyo haisomi mwanga uliopungua kupita hasi 27 au hapo karibu, na kwamba kila desibeli 3 (ndizo namba za kipimo hicho) zinaposhuka, nusu ya mwanga imepotea, kwa hiyo hata ruta mpya ingekaa gizani. "Anasemaje huyu?" akamwuliza kijana. Kijana, Mungu ambariki, akanyamaza.

Mwanga unaobeba intaneti hauonekani kwa macho, na ndiyo maana tunatembea na kifaa kidogo cha kurusha mwanga mwekundu ndani ya kebo. Nilikichomeka, nikaomba mapazia yafungwe, tukaifuata kebo ukutani hadi nyuma ya kabati la televisheni. Pale mguu wa kabati ulipoikalia kebo, nukta nyekundu ilikuwa ikiwaka kama kaa la sigara. "Tulilisogeza Jumamosi," mzee akasema, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu lile "sawa, dada". Nikakata, nikaunga upya, kipimo kikasoma hasi 19, naye akawahi mkutano wake. Alipotusindikiza mlangoni alimwomba kijana namba ya simu, endapo shida itarudi. Kijana akampa yangu.

Chapati na ndengu, kibandani, tukiwa tumesimama.

Mchana wote uliobaki uliishia Kawangware, ambako lori lilikuwa limeangusha kebo ya nyuzi 24. Kila uzi ukivuliwa ganda hubaki na unene wa maikromita 125, na sehemu inayopitisha mwanga ni kama 9 tu, kwa hiyo chembe moja ya vumbi yatosha kuharibu kiungo. Unaanza na bluu, kisha rangi ya chungwa, kijani, kahawia. Unavua, unasafisha, unakata, unaziweka nyuzi mbili uso kwa uso ndani ya mashine, inaziyeyusha pamoja na kukuandikia kiasi cha mwanga kilichopotea. Wanaume kadhaa walisimama kutazama, mmoja akisema kwa sauti kwamba nitashindwa. Mashine iliandika 0.02, ikaandika 0.01, na sikumjibu. Ujasiri niliokuwa nikihimizwa niwe nao katika kila semina ya wanawake nimeupata hapo, katika namba ambazo mtu hawezi kuzibishia.

Mvua ilianza kunyesha sijui saa ngapi. Nyuzi za mwisho nilimwachia mwanagenzi, nikamshikia mwavuli, mgongo ukiwa hauninyooki tena. Ripoti niliiandika kwenye simu ndani ya matatu, foleni ikiwa haisongi, na chini yake nikaomba tena ngazi ndefu zaidi, kwa sababu hii tuliyo nayo haifiki juu ya nguzo za Kawangware, na kipande kilichobaki ninakipanda kwa mkanda.