Sio mamama, ni kitu kingine kabisa

Niko Masasi wiki ya pili hii, mvua haikati, na kile kisiki cha mkorosho nyuma ya nyumba kimeota uyoga upande mzima wa kivulini. Mi nikajua ndo mamama, ule uyoga wa kula wenye kofia kubwa, nishashika na ungo kabisa. Bibi akanicheka, "mamama gani mdogo hivyo mjukuu wangu?"

Ikabidi nichuchumae niangalie vizuri. Kila kimoja kina ukubwa wa ukucha wa dole gumba, shina hakina, kimejishikiza kwenye gome kwa ubavu kama kipepeo cha jiko, juu cheupe chenye vinyweleo vya mvi. Nikakigeuza, chini kuna mistari kama matamvua ya samaki, nikazumu na simu nikaona kila mstari umepasuka katikati toka mwanzo mpaka mwisho na kingo zake zimejikunja huku na huku. Basi hapo ikaisha, mamama kofia yake kubwa, nyororo, na mistari yake haipasuki hivyo. Hiki wataalamu wanakiita Schizophyllum commune, kipo karibu dunia nzima.

Kilichonifurahisha zaidi, vichache nilivianika juu ya bati, jioni vimejikunja vikavu kama ganda la karanga, nikavitupia kwenye bakuli la maji na baada ya masaa machache vimefunguka tena! Kumbe ndo kazi ya ile mipasuko, jua likiwaka kinajifunga kulinda pale panapotoa vumbi la mbegu, mvua ikirudi kinaendelea na kazi.

Jirani akapita akasema uyoga wowote ukiona umeliwa na wadudu we kula tu. Hapana jamani, huo uongo umeshaua watu. Kuna uyoga wenye sumu ambayo hata uchemshe vipi haitoki, na mtu anaweza kukaa masaa 6 mpaka 24 yuko fresh tu ndo aanze kutapika, wakati huo ini limeshaanza kuharibika.

Hiki chetu bibi anakijua toka utoto, anasema wanapika na karanga ila kigumu, unatafuna kama kandambili. Mi nilisita kwa sababu ule mkorosho ulipuliziwa salfa, dawa ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), miaka na miaka. Bibi kaninyang'anya bakuli, eti salfa ilishaoshwa na mvua. Kabandika saa nne asubuhi, sasa hivi saa nane, bado vinachemka.